Je, ngoma ina nafasi katika mkusanyo wa stempu za jukwaani?

Mwalimu mmoja wa hapa Nairobi, mlezi wa chama cha maigizo katika shule ya upili, ameniletea swali ambalo nimeona linastahili jibu refu. Mjomba wake alimwachia albamu ya stempu, na katika kuipekua amekuta mna seti ya Uingereza ya mwaka 1964 inayomwadhimisha Shakespeare, pamoja na bahasha iliyobandikwa stempu ya Kenya ya shilingi moja ya mwaka 1977 yenye picha ya wachezaji ngoma. Yeye mwenyewe ameongezea karatasi ya stempu zenye sura za waigizaji wa sinema wa Marekani, iliyotolewa kwa jina la nchi mojawapo ya Afrika, ambayo aliinunua mtandaoni. Anakusudia kupanga fremu moja ya kurasa 16 kuhusu sanaa za maonyesho ili wanafunzi wake waione msimu wa tamasha la drama utakapowadia. Hata hivyo, mwenzake wa idara ya fasihi amemwambia kwamba ngoma si tamthilia, na kwamba stempu ile ya 1977 aiondoe. Anauliza kama kweli haina nafasi, na aanzie wapi kupanga.

Mwalimu, stempu hiyo usiiondoe. Mwenzako ana haki ya kutenga tamthilia kama utanzu wa fasihi wenye matini, wahusika na mazungumzo, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake darasani. Ila wewe hukusanyi matini. Unakusanya picha za watu wanaotenda mbele ya watu wengine, na idara za posta za dunia, tangu zianze kuchora jukwaa, hazijawahi kujifunga katika mpaka anaoutaka mwenzako. Ushahidi mzuri zaidi unatoka Uingereza kwenyewe, ambako wengi wetu tulifundishwa kuwa ndiko kwenye kipimo cha tamthilia. Mwaka 1982 posta ya huko ilitoa seti ya stempu nne kuhusu sanaa ya jukwaa ya Uingereza, na picha zake ni hizi: mchezaji wa baleti, Harlequin, Hamlet, na mwimbaji wa opera. Katika wanne hao ni Hamlet peke yake anayesimama kwa niaba ya mchezo wa maneno. Wa kwanza hasemi neno, wa pili ni mcheshi wa barakoa ambaye asili yake ni michezo ya kubuniwa papo hapo, na wa nne anaimba. Kama posta ya nchi ya Shakespeare imempa mchezaji dansi nafasi katika seti yenye jina la jukwaa, sioni ni kwa hoja gani mchezaji ngoma wa stempu yako atazuiwa mlangoni.

Ukitaka shahidi wa pili, mtafute India. Mwaka 1975 posta ya India ilitoa stempu sita za ngoma za kijadi za nchi hiyo: Bharatanatyam, Odissi, Kathak, Kathakali, Kuchipudi na Manipuri. Nakushauri uitafute seti hii hata kabla ya nyingine nitakazozitaja, kwa sababu Kathakali inaujibu ubishi wenu moja kwa moja. Katika Kathakali mwigizaji hafungui kinywa. Hadithi huimbwa na waimbaji waliosimama nyuma yake, naye huieleza kwa macho, vidole na hatua, akiwa amepakwa rangi usoni na kuvishwa maleba mazito ambayo humchukua saa kadhaa kuyavaa. Kuna wahusika, kuna mgogoro, mara nyingi kuna kifo jukwaani, na hadhira huufuata mkasa wote. Hiyo ni ngoma au ni tamthilia? Wahindi wenyewe hawaoni haja ya kuchagua, na nadhani manju wa ngoma za kwetu angekuwa na msimamo uo huo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiipange fremu yako kwa majina ya watunzi wala kwa nchi. Kosa la kawaida la wanaoanza mkusanyo wa mada hii ni kuanza na sura za watu maarufu. Stempu za namna hiyo zipo nyingi, na baadhi ni nzuri sana: Norway ilimtoa Henrik Ibsen mwaka 1928 alipotimiza miaka mia tangu kuzaliwa, Ufaransa ikamtoa Molière mwaka 1944 na mwigizaji Sarah Bernhardt mwaka 1945, Marekani ikamtoa mwigizaji na mwimbaji Paul Robeson mwaka 2004 na mtunzi August Wilson mwaka 2021. Lakini ukurasa wa nyuso zilizopangwa mstari kama picha za kitambulisho haumwonyeshi mwanafunzi wako jukwaa likifanya kazi. Panga kwa vitu vinavyofanya onyesho liwe onyesho, yaani mwili wa mchezaji, maleba na barakoa, ala, mahali pa kuchezea, na kisa kinachochezwa. Ukifanya hivyo utaona stempu yako ya 1977 inapata mahali pake bila kuombewa, tena katika kurasa za mwanzo.

Sasa nikuambie kwa nini naipa stempu hiyo uzito kuliko hata seti ya Shakespeare. Ilitolewa Januari 1977 kwa ajili ya tamasha la pili la dunia la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika, maarufu kwa jina la FESTAC, lililofanyika Lagos kuanzia tarehe 15 Januari hadi tarehe 12 Februari mwaka huo. Seti nzima ina stempu nne. Ya senti 50 inaonyesha manyatta ya Wamaasai, ya shilingi moja ndiyo hiyo yako, ya shilingi mbili ina kinyago cha Wamakonde, na ya shilingi tatu inamwonyesha binadamu wa kale akimchuna kiboko. Wachezaji waliomo katika stempu yako ni kikundi cha taifa cha Uganda kilichojulikana kwa jina la Heartbeat of Africa. Huenda ukashangaa ni kwa nini stempu yenye jina la Kenya inabeba wachezaji wa Uganda. Hiyo ni alama ya wakati wake. Hadi katikati ya miaka ya 1970 stempu za kumbukumbu za nchi zetu tatu zilikuwa za pamoja, zikibeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kuanzia 1976 kila nchi ikatoa hata hizo za kumbukumbu kwa jina lake pekee, lakini kwa muda picha zikaendelea kuwa zilezile. Kwa hiyo wachezaji hao wa Uganda walisafiri kwenye barua za nchi zote tatu, kila mara wakiwa na jina tofauti juu yao, na miezi michache baadaye, katikati ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzako wa fasihi atalipenda. Kenya haikwenda Lagos na ngoma peke yake. Ilipeleka michezo miwili ya kuigiza: The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Hii ni michezo ambayo vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimeisoma. Katika seti ya stempu nne, hata hivyo, hakuna mwigizaji wa Kenya hata mmoja aliyesimama jukwaani. Kenya iliwakilishwa na manyatta. Sisemi kwamba aliyechagua picha alikuwa na nia mbaya, kwani stempu za wakati ule zilikuwa pia tangazo la utalii, na kwa tangazo hilo boma lilionekana kuwa na soko kuliko kesi ya Kimathi. Lakini ukurasa wako mmoja unaweza kulieleza pengo hilo kwa maneno machache chini ya stempu, na nina hakika mwanafunzi atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko atakavyosimama mbele ya Ibsen.

Ukurasa huohuo uukamilishe kwa stempu za Nigeria za tamasha hilo, ambazo zilitoka mwishoni mwa 1976. Mojawapo inaonyesha ukumbi wa taifa wa maonyesho wa Lagos, ulioko Iganmu, uliojengwa kwa ajili ya FESTAC, na nyingine ina nembo ya tamasha, ambayo ni barakoa ya pembe ya ndovu kutoka ufalme wa kale wa Benin, uliokuwa katika Nigeria ya leo. Barakoa yenyewe ilikuwa, na bado iko, katika jumba la makumbusho la Uingereza jijini London, ambalo lilikataa kuiazima Nigeria kwa tamasha hilo. Barakoa iliyokosa ruhusa ya kufika kwenye onyesho lake, ikaishia kuzunguka dunia kwenye bahasha, ni kisa ambacho wewe kama mlezi wa maigizo hutahitaji kukitilia chumvi.

Kuhusu ala, itafute seti ya Afrika Mashariki ya tarehe 8 Septemba 1969. Ni stempu nne tu: marimba kwa senti 30, amadinda kwa senti 70, nzumari, iliyoandikwa kwa tahajia ya nzomari, kwa shilingi moja na senti 50, na adeudeu, kinubi cha Wateso, kwa shilingi mbili na senti 50. Bei yake kwa kawaida si ya kutisha. Hapa usiishie kutaja jina la ala. Andika inavyoshiriki katika onyesho. Amadinda, kwa mfano, ni ya Waganda, ina mbao 12, na hupigwa na watu watatu kwa pamoja, wawili wakikaa wakitazamana na kupishanisha mapigo kwa kasi hata sikio la msikilizaji linasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake, na wa tatu akizishika mbao mbili za juu. Nayo nzumari haihitaji utangulizi kwa mtu aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pwani, kwa kuwa mpulizaji wake ndiye anayewaongoza wachezaji, na akinyamaza uwanja wote hulegea.

Kwenye maleba ndipo ninapoungana kidogo na mwenzako. Katika miaka ya 1980 posta yetu ilitoa mfululizo wa mavazi ya sherehe ya jamii za Kenya, na wakusanyaji wengi huziingiza stempu hizo zote katika mada ya sanaa za maonyesho kwa kuwa zina shanga, manyoya na rangi. Mimi singefanya hivyo kwa jumla. Mtu aliyesimama wima amevaa vazi la kwao akitazamwa na mchoraji yuko katika picha ya mavazi, hayuko kwenye onyesho. Zichambue moja moja, na uchukue zile tu ambazo unaweza kueleza vazi hilo huvaliwa katika ngoma gani na na nani. Kipimo hichohicho ndicho kinachoilinda stempu ya 1977, kwa sababu mle watu wamo mchezoni.

Nirudi sasa kwenye seti ya 1964, ambayo naona umeipa heshima zaidi ya nyingine. Inastahili, ingawa si kwa bei, kwani ilichapwa kwa mamilioni na utaipata kwa fedha kidogo. Ilitoka tarehe 23 Aprili 1964, miaka 400 tangu kuzaliwa kwa Shakespeare, na ndiyo iliyomfanya kuwa mtu wa kwanza asiye wa ukoo wa kifalme kutambulishwa katika stempu ya Uingereza. Tazama ya peni tatu: upande mmoja kuna uso wa Shakespeare, upande mwingine uso wa Malkia Elizabeth, na katikati wamo wahusika wa A Midsummer Night's Dream, Puck na Bottom, yule mfumaji anayevishwa kichwa cha punda. Mtawala wa nchi na mtunzi wa michezo wamewekwa kwenye kipande kimoja cha karatasi, na mtu wa kuchekesha kati yao. Baada ya hapo inakuja ya peni sita yenye Feste, mcheshi wa Twelfth Night, kisha ya shilingi moja na peni tatu yenye Romeo na Juliet kwenye roshani, na ya shilingi moja na peni sita yenye Mfalme Henry wa Tano usiku wa kuamkia vita vya Agincourt. Hizo nne zilibuniwa na David Gentleman. Ya tano, ya shilingi mbili na peni sita, ni ya Christopher na Robin Ironside, nayo inamwonyesha Hamlet na fuvu la mcheshi Yorick. Itazame kwa kioo cha kukuzia, na utaona ni kazi ya mikato iliyochongwa kwenye bamba la chuma, tofauti na zile nne ambazo rangi zake zimetandazwa laini.

Jambo moja la kuangalia nyumbani: zile nne za bei ya chini zilitolewa kwa namna mbili, nyingine za kawaida na nyingine zilizopigwa mistari ya fosfori ili mashine za posta zizitambue na kuzipanga barua. Ishike stempu kwa kibanio, uielekeze dirishani, na uiinamishe polepole mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Ikiwa na fosfori, utaona mistari iliyofifia ikishuka kutoka juu hadi chini, kana kwamba mtu amepitisha brashi yenye maji. Ya Hamlet usiihangaikie, haina.

Kwa mahali pa kuchezea, seti ninayoipenda ni ya Uingereza ya Agosti 1995, stempu tano zilizoshikana ambazo kwa pamoja zinaonyesha kumbi za kale za London: Swan wa 1595, Rose wa 1592, Globe wa 1599, Hope wa 1613, na Globe tena wa 1614. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini Globe anatokea mara mbili. Jibu ni kwamba ule wa kwanza uliteketea tarehe 29 Juni 1613, mzinga ulipofyatuliwa wakati wa onyesho na cheche zikashika paa la makuti ya huko, na mwaka uliofuata ukajengwa mwingine. Kama utataka kumbi nyingine, Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu za ukumbi wa Bolshoi mwaka 1951, Italia ikatoa za La Scala mwaka 1978 ulipotimiza miaka 200, na Australia ikautoa ukumbi wa opera wa Sydney mwaka 1973 ulipofunguliwa. Moja kati ya hizi inatosha. Fremu iliyojaa majengo hugeuka kuwa fremu ya usanifu wa majengo.

Huenda umekwisha kusikia habari za stempu za China za Mei Lanfang, na kama hujazisikia utazisikia punde wauzaji wakishajua unakusanya nini. Mei Lanfang alikuwa mwanamume aliyevuma kwa kuigiza nafasi za wanawake katika opera ya Peking, na alifariki Agosti 1961. Mwaka uliofuata China ilitoa stempu nane zinazomwonyesha katika nafasi zake mbalimbali, na zikatolewa pia zisizo na vitobo pembeni, pamoja na karatasi ya kumbukumbu ya yuan tatu iliyochapwa nakala 20,000 tu. Karatasi hiyo leo huuzwa minadani kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo imeigizwa na waghushi kuliko Hamlet alivyoigizwa na wanafunzi. Ukiletewa kwa bei ya chakula cha mchana, jua ni nakala. Usiinunue hata kwa bei hiyo, maana nakala haiingii kwenye fremu. Stempu moja au mbili halisi za seti ya kawaida, hata zilizopigwa muhuri, zitafanya kazi hiyohiyo ya kuonyesha maleba na mikono ya Mei.

Karatasi yako ya nyota wa sinema, kwa bahati mbaya, ningeiacha nje kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mada, kwani sinema ni sanaa nyingine na fremu ya kurasa 16 haina nafasi ya kubeba zote mbili. Ya pili ni ya uhalali. Nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, zimewahi kutoa kupitia mawakala wa ng'ambo stempu halali zenye waimbaji na waigizaji wa Marekani, ambazo zilikusudiwa zaidi albamu za wageni kuliko barua za wananchi. Hizo zimo kwenye katalogi kama ya Stanley Gibbons. Lakini zipo pia karatasi zinazochapwa na watu binafsi na kubandikwa jina la nchi bila idara ya posta ya nchi hiyo kuwa na habari, na hizo ni karatasi za rangi tu. Kwa stempu za kuanzia 2002 unaweza kukagua orodha ya WNS inayosimamiwa na Umoja wa Posta Duniani, ambako posta zinazoshiriki husajili kila stempu kwa namba yake. Kwa za kabla ya hapo, itegemee katalogi. Isipoonekana popote, mrudishie muuzaji.

Kuhusu mpangilio wa kurasa, hushindani kimataifa, lakini viwango vya shirikisho la kimataifa la wakusanyaji stempu vinaweza kukuongoza. Katika alama 100 za mkusanyo wa mada, 35 huenda kwa mpango na namna ulivyoukuza, 30 kwa ujuzi, 30 kwa hali na uadimu wa vitu vyenyewe, na 5 tu kwa mapambo ya ukurasa. Hivyo usikeshe ukichora mipaka ya maua. Anza na ukurasa wa mpango, kisha mwili na ngoma, ambamo mtakuwa na 1977, India na mchezaji baleti wa 1982. Maleba na barakoa zifuate, kisha ala, ukumbi uupe ukurasa mmoja au miwili, na mwishoni uweke visa, ambapo seti yako ya Shakespeare itakaa yote pamoja. Maelezo yawe mafupi, na yaseme kile kinachoonekana kwenye stempu. Kwa ununuzi wa stempu mpya, dawati la wakusanyaji katika Posta Kuu, Kenyatta Avenue, ndilo la kuanzia. Za zamani utazipata kwa wakusanyaji wenzako na katika makabati ya ofisi ambazo hazijatupa barua zao za miaka ya 1970.

Lililobaki ni bahasha yenyewe. Umeniuliza kama uiloweke uibandue stempu ili ilingane na nyingine kwenye ukurasa. Usiibandue. Stempu hiyo ikiwa peke yake ni ya kawaida, bali ikiwa juu ya bahasha iliyosafiri, yenye muhuri unaosomeka, inaonyesha ilitumwa lini na kutoka wapi. Usome muhuri huo kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa tarehe yake inaangukia kati ya 15 Januari na 12 Februari 1977, basi barua ilipita posta wakati waigizaji wetu wakiwa Lagos, na bahasha nzima inastahili ukurasa wake mwenyewe, ikishikwa kwa pembe za karatasi bila gundi wala selotepu. Baada ya hapo tafuta stempu hiyohiyo yenye jina la Uganda na yenye jina la Tanzania, uziweke chini ya bahasha, na umwachie mwenzako wa fasihi aandike maelezo ya ukurasa huo.